Nani hasa ana mamlaka ya kufunga bandari pakitokea tishio la ugaidi?

#1 Mwana Majengo (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Mzigo unatoka China, unashuka Dar, unapanda huku. Kwenye ankara ya wakala wa meli kuna mstari umeandikwa ISPS na mbele yake kuna dola. Nikamuuliza dada anayenitolea mizigo, hii nini? Akasema ni ya ulinzi dhidi ya ugaidi, kila mwenye kontena analipa. Ulinzi huo anaufanya nani? Serikali. Serikali ipi: TPA (Mamlaka ya Bandari), Polisi, Jeshi, TRA (Mamlaka ya Mapato)? Akanijibu, "Kaka lipa, ada ya stoo inakimbia."

Nimelipa, lakini sijaridhika. Siku ikipatikana taarifa kwamba ndani ya kontena fulani kuna kilipuzi, au kwamba meli inayokuja ina watu wabaya, ni nani mwenye kauli ya kusema meli isiingie, geti lifungwe, lori lisitoke? Nataka kujua cheo na sheria inayompa nguvu hiyo. Nchi nzima inakula kupitia lango lile. Mafuta ya gari za Dodoma yanapita pale, ngano inapita pale, mbolea ya wakulima wa Kibaigwa inapita pale. Naona ni haki yetu kujua ufunguo uko kwa nani.

#2 Ndugu wa Bahi

Naweka kambi.

#3 Afande Mstaafu

Swali zuri, na jibu lake ni fupi. Ulinzi wa nchi ni wa Amiri Jeshi Mkuu. Akisema funga, inafungwa. Ibara ya 32 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya hatari. Hapo hakuna cha TPA wala nani.

#4 Mwanasheria wa Chinangali

Afande, heshima yako, ila hapo umeruka ngazi nyingi. Hali ya hatari ni ya vita au janga linaloitikisa nchi. Huwezi kuitangaza kwa sababu ya kontena moja lenye wasiwasi. Kuna ngazi za chini ambazo ndizo zinazotumika kila siku.

Mwana Majengo, hiyo ISPS ni kanuni ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari. Ilipitishwa London Desemba 2002 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2004. Imo ndani ya Sura ya XI-2 ya mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini. Kila bandari inayopokea meli za kimataifa inatakiwa iwe na tathmini ya usalama, mpango wa usalama, na afisa mmoja anayejulikana kwa jina. Meli nayo ina afisa wake, na kampuni ya meli ina wake.

Viwango vya usalama ni vitatu. Kiwango cha 1 ni hali ya kawaida. Cha 2 ni pale hatari imeongezeka kwa muda fulani. Cha 3 ni pale tukio linanukia au liko karibu kutokea. Mwenye kupandisha kiwango ni Serikali. Mwendesha gati hana nguvu hiyo, na kampuni ya ulinzi haina. Kanuni inasema wazi kwamba Serikali inaweza kukasimu baadhi ya kazi kwa taasisi ya usalama inayotambulika, lakini kuweka kiwango na kuidhinisha mpango wa usalama wa bandari haikasimu. Kwa hiyo anayeshika ufunguo unaoutafuta ni yule aliyeteuliwa na Serikali kusimamia kanuni hii.

#5 Mwana Majengo

Mwanasheria, ahsante. Sasa huyo aliyeteuliwa hapa kwetu ni nani?

#6 Kijana wa Area C

Ni SUMATRA.

#7 Mwanasheria wa Chinangali

SUMATRA, ile mamlaka ya usafiri wa nchi kavu na majini, haipo tena. Nchi kavu ilikwenda LATRA, na mambo ya meli yakaenda TASAC, Shirika la Wakala wa Meli, lililoundwa kwa Sheria Na. 14 ya 2017. TASAC ndiyo inayodhibiti usalama na ulinzi wa usafiri majini upande wa Bara.

#8 Dada wa Klia

Nipo kwenye hii kazi ya kutoa mizigo miaka mingi, niseme ninachokiona getini. Mtu wa TASAC simwoni akifunga geti. Ninaowaona ni polisi wasaidizi wa bandari, Polisi wenyewe, TRA na skana zao, na watu wa usalama ambao hawajivishi sare. Kontena likizuiwa, mara nyingi aliyelizuia ni TRA, kwa sababu ya ushuru au maelezo ya mzigo kutolingana na picha ya skana. Mwanasheria anaeleza karatasi, mimi naeleza geti. Siku likija jambo la haraka, geti ndilo litakaloamua, maana barua itachelewa.

Kuhusu ule mstari wa ankara: hiyo pesa ni ya kampuni ya meli, inafidia gharama zake za kufuata kanuni. Haiendi hazina.

#9 Mzee wa Kurasini

Dada wa Klia, si kweli moja kwa moja. Sehemu nyingi duniani mwendesha gati naye anatoza tozo ya ulinzi, na kampuni ya meli inaihamishia kwako. Usimwambie mteja kwamba yote ni ya meli.

#10 Dada wa Klia

Mzee wangu, mimi nasoma ankara. Imetoka kwa nani? Kwa wakala wa meli. Kama ndani yake kuna ya gati, waandike.

#11 Mwana Majengo

Hapo mnazidi kunipa sababu ya kuuliza. Wote wawili mko ndani ya kazi na hamkubaliani pesa yangu inakwenda wapi.

#12 Semi Trela Central

Habari za njiani. Mimi ni dereva, Dar kwenda Kigali na Bujumbura. Napita Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega. Nyie mnazungumza geti la bandari. Kontena likishatoka pale ni langu mimi na utingo wangu, na ile sili ya kielektroniki ya TRA inayosoma tulipo. Sili inawaambia kama nimefungua mlango. Haiwaambii kilichomo. Kama kitu kibaya kimepakiwa huko kilikotoka, kimepita skana, basi kinalala Nala pamoja nasi, katikati ya malori yenye petroli. Tunalala pale bampa kwa bampa. Pembeni mama lishe anakaanga samaki, watoto wanauza karanga.

Naomba wataalamu mseme: mamlaka ya huyo wa bandari yanaishia wapi? Getini? Bandari kavu ya Kwala? Ya Ihumwa? Mpakani?

#13 Binti Kondoa

Huyu dereva ameuliza swali kubwa kuliko la mwenye uzi.

#14 Mwanasheria wa Chinangali

Semi Trela, ISPS inaishia pale meli inapokutana na nchi kavu. Inahusu meli za abiria na za mizigo za tani 500 kwenda juu zinazosafiri kimataifa, na sehemu za bandari zinazozihudumia. Bandari kavu ya Ihumwa haimo. Huko inatawala sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, pamoja na Polisi na kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa.

#15 Kijana wa Area C

Kwa hiyo Mkuu wa Mkoa wa Dodoma anaweza kufunga Ihumwa?

#16 Afande Mstaafu

Anaweza. Mkuu wa Mkoa ana nguvu ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani saa 48, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Sembuse yadi ya makontena.

#17 Mwanasheria wa Chinangali

Kukamata mtu anayehatarisha amani ni jambo moja, kufunga miundombinu ya taifa ni jingine. Sheria ile inasema mtu. Haisemi reli wala yadi.

#18 Afande Mstaafu

Mwanasheria, nikiwa kazini sikuwahi kumwona meneja wa yadi akimwambia Mkuu wa Mkoa "nionyeshe kifungu". Akija na RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na watu wa usalama, geti linafungwa. Vifungu vitasomwa baadaye mahakamani.

#19 Binti Kondoa

Na hapo ndipo penye hatari, Afande. Kama nguvu inatoka kwa anayefika kwanza na askari wengi, basi siku hiyo wanaweza kufika watatu wakitoa amri tatu.

#20 Mzaramo Mtaalamu

Wagogo mnajadili bahari tena! Mwenye nyumba ya zabibu anauliza mawimbi. 😄

#21 Ndugu wa Bahi

Mtani, mawimbi yenu yakisimama siku tatu mtakuja kuomba zabibu. Tuache tuulize.

#22 Mwanafunzi UDOM

Niweke mfano wa Marekani, maana huko ndiko kanuni hizi zilikosukumwa baada ya Septemba 11. Wao wana Sheria ya Usalama wa Usafiri wa Majini ya 2002. Lakini mamlaka yenyewe ni ya zamani zaidi: sheria ya 1950 ilimpa Rais nguvu ya kulinda bandari na meli, na nguvu hiyo ikashushwa hadi kwa Walinzi wa Pwani. Kila eneo la bandari lina afisa wao mmoja. Anaweza kuizuia meli isiingie, kuiamuru iondoke, kuweka eneo la maji ambalo hakuna chombo kinachopita. Ukiuliza Houston au New York nani anafunga, utatajiwa cheo kimoja.

Kwetu nimejaribu kuchora ramani na nikaishia na masanduku saba: TPA, TASAC, Polisi, Kamandi ya Wanamaji, TRA, Uhamiaji, Usalama wa Taifa. Sijaongeza Mkuu wa Mkoa.

#23 Mzee wa Kurasini

Mwanafunzi, usiipambe sana Marekani. Hata kule kuna forodha yao, kuna FBI, kuna mamlaka ya bandari ya mji. Mwaka 2006 DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari, iliponunua kampuni ya Uingereza P&O na kupata magati yaliyokuwa ya P&O huko Marekani, Bunge lao lilichemka mpaka kampuni ikauza magati yale. Na wakati wote huo ulinzi ulikuwa chini ya Walinzi wa Pwani na forodha, haukuwa kwa mwendesha gati. Kuwa na cheo kimoja hakukuwaondolea watu hofu.

#24 Kijana wa Area C

Umeitaja mwenyewe DP World. Haya sasa.

#25 Mwana Majengo

Naomba tusiugeuze uzi kuwa wa mkataba wa DP World wa 2023. Ule mjadala ulikuwa na nyuzi zake.

#26 Kijana wa Area C

Haukwepeki. Mikataba ilisainiwa hapa hapa Ikulu Chamwino, Oktoba 2023. Gati namba 4 hadi 7 miaka 30. Serikali ilieleza kwamba ulinzi na usalama unabaki kwake. Swali langu ni la kawaida: mpango wa usalama wa gati unaandikwa na mwendeshaji, afisa wa usalama wa gati anaajiriwa na mwendeshaji. Serikali inaidhinisha. Anayejua kila siku nani kaingia na nani katoka ni yupi?

#27 Mwanasheria wa Chinangali

Mwendeshaji anajua, na anatakiwa ajue. Serikali inabaki na mamlaka ya kukagua, kuidhinisha na kupandisha kiwango. Ndivyo ilivyo bandari nyingi duniani zenye waendeshaji binafsi. Hatari inakuja pale mkaguzi anapokuwa dhaifu kuliko anayekaguliwa. Hilo ndilo la kuliangalia, liwe gati la DP World, liwe la Adani ya India, liwe la TPA yenyewe.

#28 Mwana wa Mtwara

Salaam kutoka kusini. Nimesoma uzi wote na naona mnaongea kama hili jambo ni la vitabuni. Agosti 2020 wapiganaji waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia, Msumbiji, si mbali na Mto Ruvuma. Wanamaji waliokuwa wakiilinda walizidiwa. Mji ulikaa mikononi mwa wale watu mwaka mzima, mpaka Agosti 2021 majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, huku kwetu Mtwara, kilivamiwa. Watu walikufa, nyumba zilichomwa.

Kwa hiyo anayeniuliza sheria gani, namwambia: kwanza uwe na watu na risasi za kutosha, ndipo uniletee kifungu. Mocímboa haikuanguka kwa kukosa sheria.

#29 Mwanafunzi UDOM

Pole sana ndugu yetu. Ila hoja yako inaweza kusomwa kwa upande wa pili pia. Bandari haikuanguka siku moja. Mashambulio katika mji ule yalianza Oktoba 2017. Miaka karibu mitatu ilipita. Nani alikuwa na wajibu wa kusema "hapa tumefika kiwango cha 3"?

#30 Mwana wa Mtwara

Waliona wote. Kuona na kuweza ni vitu viwili.

#31 Binti Kondoa

Naomba tuwakumbuke wa mabomu ya balozi za Marekani 1998 pia. Watu 213 walikufa Dar tarehe 7 Agosti...

#32 Mwanasheria wa Chinangali

213 ni Nairobi. Dar walikufa 11. Wote ni ndugu zetu, lakini namba ziwe sahihi. Baadaye, mwaka 2002, tukatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Na. 21. Na ukitaka mifano ya baharini hasa, iko ya kutosha: manowari ya Marekani USS Cole katika bandari ya Aden, Oktoba 2000, mabaharia 17 walikufa, meli ya mafuta Limburg, pwani ya Yemen, Oktoba 2002, kivuko cha SuperFerry 14 Ufilipino, Februari 2004, watu 116. Machi 2004 bandari ya Ashdod, Israeli, washambuliaji waliingia wamejificha ndani ya kontena, wakaua watu kumi. Hiyo ya Ashdod ndiyo inayomgusa mwenye uzi.

#33 Semi Trela Central

Wamejificha ndani ya kontena. Na mimi nalala mbele ya kontena.

#34 Mama Beirut (Dodoma)

Jina langu ni la utani, nilifanya kazi za ndani Lebanon. Agosti 4, 2020 bandari ya Beirut ililipuka. Haikuwa ugaidi, mtaniambia. Sawa. Ilikuwa tani 2,750 za amonia naitreti zilizokaa ghalani karibu miaka sita. Forodha waliandika barua, mahakama ilijua, watu wa usalama walijua. Kila mmoja alimwandikia mwenzake. Zaidi ya watu 200 walikufa, na mji ukavunjika.

Mimi nasimama na Dada wa Klia pale juu. Wingi wa wakubwa ndio ulioua Beirut. Gaidi hahitaji kuleta bomu kama tayari mmemwekea ghalani.

#35 Afande Mstaafu

Mama, umesema neno zito. Na sisi tunayo yetu, Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011. Ilikuwa maghala ya jeshi, si bandari, lakini somo la vitu vya kulipuka kukaa karibu na watu ni lile lile.

#36 Mkulima Kibaigwa

Hiyo amonia ndiyo mbolea yetu? Tusije tukanyimwa mbolea kwa sababu ya uzi huu.

#37 Mwanafunzi UDOM

Mbolea ya CAN tunayotumia shambani imechanganywa na chokaa na si rahisi kulipuka kama ile safi. Amonia naitreti safi hutumika zaidi kutengeneza baruti za migodini. Na hiyo, wakuu, inapita barabara hii hii kwenda Kanda ya Ziwa. Inapita kwa vibali na kusindikizwa, ndiyo. Ila turudi kwa Semi Trela: ikisimama Manyoni usiku kwa ubovu wa gari, aliye karibu na mwenye mamlaka ni OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Je, ana nakala ya taarifa za mzigo ule? Hilo nalo lijibiwe.

#38 Mzenji Halisi

Assalaam aleykum. Mnasema Bara Bara, mmesahau kwamba Bandari ni jambo la Muungano? Liko kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, namba 11, pamoja na usafiri wa anga na posta na simu. Ulinzi na Usalama ni namba 3. Polisi namba 4. Lakini Zanzibar tuna Shirika letu la Bandari, tuna Mamlaka yetu ya Usafiri Baharini, na tuna KMKM wanaolinda maji yetu. Boti zinatoka Dar kuja Unguja kila siku na maelfu ya watu. Tishio likitokea katikati ya mkondo, ni la nani?

#39 Mwanafunzi UDOM

Masanduku yamefika kumi.

#40 Mzee wa Kurasini

Mzenji, Kenya waliunda Kikosi cha Walinzi wa Pwani mwaka 2018 ili kupunguza mkanganyiko wa aina hii. Pengine na sisi tufike huko. Kwa Bara hatuna kikosi kama hicho kinachojitegemea, kazi imegawanywa kati ya Polisi Wanamaji na Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ.

#41 Afande Mstaafu

Sikubaliani. Unaongeza chombo kipya juu ya vyombo kumi, unapata kumi na moja. Kipya nacho kitataka gari, ofisi na mkuu wake wa kugombania geti. Vipeni vilivyopo amri moja.

#42 Mzenji Halisi

KMKM kwetu wanafanya kazi na wanaheshimika. Si kila chombo kipya ni mzigo.

#43 Mvuvi Pangani

Hodi. Nimeletewa uzi huu na shemeji yangu wa Dodoma. Nyie mnaongelea meli za tani 500. Na majahazi? Na bandari bubu? Pwani yote kutoka Bagamoyo, Pangani mpaka Mkinga vyombo vinashusha usiku sukari, mafuta ya kula, vitenge. Mwenye nia mbaya hatakwenda kwenye skana ya Dar. Atakuja ufukweni kwetu.

#44 Binti Kondoa

Mvuvi kamaliza.

#45 Mwanasheria wa Chinangali

Hajamaliza, ila amegusa penyewe. ISPS haigusi majahazi wala boti za uvuvi. TPA imekuwa ikizirasimisha baadhi ya bandari bubu ili ziwe na maofisa na kumbukumbu. Zilizobaki zinategemea doria, na zinategemea watu kama wewe kutoa taarifa.

#46 Mvuvi Pangani

Taarifa nampa nani? Nikimpa mwenyekiti wa kijiji, kesho wenye mzigo wanalijua jina langu.

#47 Fundi Kompyuta Kisasa

Niongeze upande ambao hamjaugusa. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliikumba kampuni ya meli ya Maersk, magati yake sehemu mbalimbali duniani yakasimama, watu wakarudi kwenye karatasi na kalamu. Julai 2021 Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, ilishambuliwa kimtandao na bandari ya Durban ikakwama. Hakuna aliyepanda ukuta. Kwa hiyo orodha ya Mwanafunzi iongezwe wanaohusika na mitandao. Geti la leo linafunguliwa na kompyuta.

#48 Kijana wa Area C

Skana zingekuwa zinapiga kila kontena, mambo mengi hapa yangekwisha.

#49 Dada wa Klia

Kijana, Marekani walitunga sheria 2007 kwamba kila kontena linalokwenda kwao likaguliwe kwa skana kabla ya kupakiwa, mwisho wa muda uwe 2012. Muda ulifika, wakauahirisha, na mpaka leo hawajatekeleza. Ukipiga kila moja pale Dar, foleni itafika Chalinze. Wanachagua kwa vihatarishi: limetoka wapi, mwenye mzigo nani, uzito unalingana na maelezo? Kazi kubwa ni karatasi. Ndiyo maana nawasisitiza wateja wangu, wakiwemo wa Majengo, andikeni mzigo kama ulivyo. Ukiandika "vitu mchanganyiko" unajiingiza mwenyewe kwenye kundi la wasiwasi.

#50 Mwana Majengo

Ujumbe umefika, dada. 😄

Sasa nirudi kwenye swali. Mpaka hapa nimepewa majibu haya: Rais, TASAC, anayefika kwanza getini, Mkuu wa Mkoa, mwenye risasi za kutosha. Mama Beirut anasema tatizo ni wingi wao, Mzee wa Kurasini anataka kikosi kipya, Afande anakataa. Mimi nimeamua kulipeleka kwa mbunge wetu aliulize bungeni, na Waziri wa Uchukuzi atoe jibu. Mwanasheria, nisaidie kuliandika.

#51 Mwanasheria wa Chinangali

Andika hivi: "Je, ni afisa gani mwenye mamlaka ya kisheria kusimamisha shughuli za bandari ya Dar es Salaam kwa sababu za kiusalama, na amri yake inazifikiaje bandari kavu za Kwala na Ihumwa?" Majina ya maofisa na mipango ya ulinzi usiombe. Hayo ni siri na yana sababu ya kuwa siri.

#52 Afande Mstaafu

Hapo kwenye siri tumekubaliana. Na kuna wanaopiga picha geti la bandari na kuziweka mtandaoni: eneo lililotangazwa kulindwa lina sheria yake tangu 1969. Acheni.

#53 Mwanafunzi UDOM

Lakini jina la cheo si siri. Mpango ni siri, mwenye wajibu hapana.

#54 Dada wa Klia

Kwenye swali la nyongeza muulize fidia. SOLAS, sura ile ile ya XI-2, kanuni ya 9, inasema meli ikicheleweshwa isivyostahili kwa ukaguzi wa usalama inastahili fidia. Meli! Mwenye mzigo hakutajwa. Bandari ikifungwa siku tatu kwa tishio, stoo inahesabu, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabu. Mwana Majengo atalipia siku ambazo Serikali yenyewe ilimkataza kuchukua mzigo?

#55 Mzee wa Kurasini

Siku kama hizo huwa wanasamehe.

#56 Dada wa Klia

Wanasamehe kwa kuombwa, mmoja mmoja, kwa barua. Nataka iandikwe kwenye kanuni.

#57 Semi Trela Central

Na dereva muweke hapo. Geti likifungwa mimi niko kwenye foleni na posho ya safari imeisha Vigwaza. Tena hakuna anayetuambia kuna nini. Tunaona tu askari wanaongezeka. Mbunge aulize pia: amri ikitoka, dereva aliyebeba kontena ambalo tayari lina wasiwasi anajulishwa na nani, kwa simu ipi, na anatakiwa aliegeshe wapi? Mimi hiyo namba sina, na wenzangu hapa Nala nimewauliza, hawana.